Lord Harewood, mjukuu wa mfalme aliyeishi kwa ajili ya opera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina lake kamili ni George Henry Hubert Lascelles, Earl wa 7 wa Harewood. Kuna wanaolikuta kwenye historia ya Leeds United, wengine kwenye orodha ya wafungwa wa Colditz, ngome ya wafungwa wa kivita huko Ujerumani, wengine ndani ya kitabu kinene cha opera, yaani hadithi inayoimbwa jukwaani, na karibu wote huishia kuuliza maswali yaleyale. Yamekusanywa hapa. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Ukoo na cheo

Lord Harewood alikuwa nani?

Alizaliwa London tarehe 7 Februari 1923, akafariki tarehe 11 Julai 2011 nyumbani kwake Harewood House, Yorkshire, akiwa na umri wa miaka 88. Kwa damu alikuwa mjukuu wa Mfalme George V wa Uingereza. Kwa kazi alikuwa mhariri, mwandaaji wa matamasha na mkurugenzi wa makampuni ya opera, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 40.

Hakuwa mwimbaji, hakutunga muziki, hakuongoza okestra. Alikuwa mtu wa ofisini: wa kuchagua opera ya msimu ujao, kutafuta waimbaji, kubishana juu ya bajeti, kuajiri vijana ambao hakuna aliyewajua na kuwakingia kifua mambo yakienda mrama. Watu wa aina hii hawapigiwi makofi pazia likifunguka, lakini bila wao pazia lenyewe halifunguki.

Alikuwa na uhusiano gani na Malkia Elizabeth II?

Walikuwa binamu, watoto wa kaka na dada. Mama yake George, Princess Mary, alikuwa binti pekee wa Mfalme George V. Baba yake Elizabeth, Mfalme George VI, alikuwa kaka yake Mary. Edward VIII, yule aliyeacha kiti cha enzi mwaka 1936, naye alikuwa mjomba wake.

George ndiye aliyekuwa mjukuu wa kwanza wa George V. Siku aliyozaliwa alikuwa wa sita katika mstari wa kurithi kiti cha enzi, nyuma ya wajomba zake wanne na mama yake. Wajomba walipooa na kuzaa, alizidi kusogezwa nyuma.

Mbona hakuitwa Prince?

Kwa Waingereza cheo hicho hupitia upande wa baba. Mama alikuwa binti wa mfalme, lakini baba alikuwa kabaila wa Yorkshire, kwa hiyo mtoto alifuata ukoo wa Lascelles. Baba yake alipofariki mwaka 1947, George alirithi cheo cha Earl akiwa na miaka 24. Kwa ngazi za makabaila wa Uingereza, Earl yuko chini ya Duke na Marquess, juu ya Viscount na Baron. Katika mazungumzo ya kawaida huitwa "Lord", na ndiyo sababu karibu kila mahali utakuta "Lord Harewood".

Wajibu wa kifalme aliutimiza kidogo. Mwaka 1947, Mfalme George VI alipokuwa ziarani Afrika Kusini, George alikuwa miongoni mwa wanafamilia walioruhusiwa kutia saini nyaraka za dola kwa niaba yake. Baada ya hapo maisha yake yakazidi kuelekea kwingine.

Utajiri wa familia ulitoka wapi?

Swali hili linastahili jibu lililonyooka. Harewood House ilianza kujengwa mwaka 1759 kwa fedha ambazo akina Lascelles walizichuma katika biashara ya sukari ya Karibi, hasa Barbados, na sukari hiyo ilitoka kwenye jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Waingereza, katika miaka ya 1830 Earl wa wakati huo alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 1,200. Waliolipwa ni wenye mashamba. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti.

George aliirithi nyumba hiyo pamoja na historia yake. Alirithi pia kodi kubwa ya mirathi, iliyomlazimu kuuza sehemu kubwa ya ardhi. Nyumba iliendelea kuwa wazi kwa watalii, na jina lake bado ni sehemu ya mjadala kuhusu fedha za utumwa zilizojenga majumba ya Uingereza. Anayemsifu kwa muziki hana haki ya kuruka ukurasa huu.

## Vita na Colditz

Ni kweli Hitler aliamuru auawe?

Ndiyo. George alikuwa ofisa kijana wa Grenadier Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza. Juni 1944 alijeruhiwa na kutekwa huko Italia, na Novemba mwaka huo akapelekwa ngome ya Colditz, Ujerumani. Pale Wajerumani walikuwa wamewatenga wafungwa wenye ndugu wakubwa. Kundi hilo liliitwa Prominente, na lengo lilikuwa kuwatumia kama rehani. Mpwa wa mfalme wa Uingereza alikuwa rehani ya thamani kubwa.

Vita vilipokaribia kwisha, mwaka 1945, Hitler alitia saini amri ya kuwaua. Aprili walitolewa Colditz haraka, muda mfupi kabla Wamarekani hawajafika, wakahamishwa kituo hadi kituo kuelekea kusini. Jenerali wa SS, jeshi la chama cha Nazi, aliyekuwa na dhamana ya wafungwa, Gottlob Berger, aliona wazi kwamba mambo yamekwisha. Hakuitekeleza amri ile. Aliwaachia, wakafika mikononi mwa Wamarekani.

Kifungoni alifanya nini?

Alisoma. Kitabu kinachotajwa zaidi ni kamusi kubwa ya muziki ya Grove, ambayo aliichukua kwa mpangilio wa alfabeti, herufi baada ya herufi. Mapenzi ya opera alikuwa nayo tangu shuleni Eton. Kifungoni mapenzi yale yalipata elimu ya kuyabeba. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa kazi yake yote iliyofuata: alipokaa mezani na waongozaji wa okestra na watunzi, hakuwa bwana mkubwa anayekuja kupiga picha nao. Alikuwa amesoma.

Baada ya vita alikaa kwa muda Kanada kama msaidizi wa Gavana Mkuu, kisha akaingia King's College, Cambridge.

## Kazi ya opera

Alianzaje?

Kwa karatasi na wino. Mwaka 1950 alianzisha jarida liitwalo Opera, akalihariri hadi 1953, alipolikabidhi kwa Harold Rosenthal. Kabla ya hapo mpenzi wa opera Uingereza hakuwa na mahali pamoja pa kusoma nini kimeimbwa Milano, Vienna au New York, nani ameimba vizuri na nani sauti imemchoka.

Mwaka 1951 aliingia kwenye bodi ya Royal Opera House, Covent Garden. Miaka miwili baadaye akafanya jambo ambalo watu wa tabaka lake hawakulizoea: akatoka kwenye bodi akawa mwajiriwa wa jumba lilelile, chini ya mkurugenzi David Webster, hadi 1960. Mjumbe wa bodi hukutana na opera mara moja kwa mwezi juu ya kikombe cha chai. Mwajiriwa hukutana nayo kila asubuhi, mwimbaji mkuu anapopiga simu kusema koo limekauka na onyesho ni usiku huohuo.

Kobbé ni nini, na Harewood anahusikaje?

Ni kitabu kinachosimulia hadithi za opera moja baada ya nyingine, pamoja na maelezo ya muziki wake. Mwandishi wa kwanza alikuwa Gustav Kobbé wa New York, aliyefariki mwaka 1918 baada ya ndege ya majini kugonga mashua yake alipokuwa akisafiri kwa tanga. Hakuwahi kukiona kitabu chake kimechapishwa.

Harewood alikichukua na kukifanyia marekebisho makubwa. Toleo lake la kwanza lilitoka 1954, akarudi tena 1976 na 1987, na la 1997 alilifanya pamoja na Antony Peattie. Kila toleo liliongeza opera ambazo wahariri waliotangulia hawakuzijali, hasa za Janáček, za Britten na za watunzi wapya. Kwa wasomaji wengi wa Kiingereza hiki ndicho kilichokuwa mlango wa kuingilia, nao hawakujali kama aliyeushika ni Earl au karani.

Aliongoza matamasha gani?

Tamasha la Edinburgh, kuanzia 1961 hadi 1965, ndilo lililompa jina. Mwaka wa kwanza aliweka mbele muziki wa Schoenberg, mtunzi aliyewatisha wasikilizaji wengi. Mwaka 1962 mtunzi Shostakovich mwenyewe alifika kutoka Moscow, na kazi zake nyingi zikapigwa. Alipenda kulipa tamasha mtunzi mmoja wa kuzama ndani yake, badala ya kuokota kidogo hapa na kidogo pale.

Aliongoza pia tamasha la Leeds kwa miaka mingi, na baadaye lile la Adelaide, Australia, mwaka 1988.

English National Opera ilikuwaje chini yake?

Hapa ndipo kilele cha kazi yake. Mwaka 1972 alichukua uongozi wa Sadler's Wells Opera, kampuni iliyokuwa imehamia jumba la London Coliseum mwaka 1968 huku ikiendelea kubeba jina la jumba ililoliacha. Mwaka 1974 ikaitwa English National Opera, yaani ENO. Aliiongoza hadi 1985, kisha akawa mwenyekiti wa bodi kuanzia 1986 hadi 1995.

Mwaka huohuo alioingia, jukwaa la Coliseum lilibeba Vita na Amani ya Prokofiev, opera kubwa mno ambayo haikuwahi kuonyeshwa jukwaani Uingereza. Mwaka 1973 ulikamilika mzunguko mzima wa Ring wa Wagner, opera nne zinazofuatana, kwa Kiingereza, ukiongozwa na Reginald Goodall, mzee aliyekuwa amesahauliwa vyumbani kwa miaka akifundisha waimbaji wa watu wengine. Janet Baker aliimba pale Mary Stuart ya Donizetti. Charles Mackerras, bingwa wa Janáček, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa muziki wakati Harewood anafika.

Kisha akafungua mlango kwa vijana. Mark Elder alikabidhiwa muziki mwaka 1979 akiwa na miaka 32, na David Pountney akapewa uongozi wa maonyesho jukwaani. Mwaka 1982 Jonathan Miller aliihamisha Rigoletto ya Verdi kutoka Mantova ya kale hadi New York ya miaka ya 1950, ndani ya genge la mafia. Wapo waliokasirika. Tiketi zilikwisha, na onyesho hilo likarudiwa kwa miaka na miaka. Mwaka 1984 kampuni ilizunguka Marekani, ikapanda hadi jukwaa la Metropolitan Opera, New York.

Na Opera North?

Hii ni kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa hutajwa kidogo. Wapenzi wa opera waliokaa kaskazini mwa England walitegemea kampuni za London zipite kwao kwa siku chache, ziondoke. Chini ya Harewood, ENO ilizaa tawi lenye okestra yake, kwaya yake na waimbaji wake, makao yakiwa Grand Theatre mjini Leeds. Onyesho la kwanza lilikuwa Samson na Dalila ya Saint-Saëns, Novemba 1978, na mkurugenzi wa muziki alikuwa David Lloyd-Jones. Mwaka 1981 mtoto alijitegemea, akaitwa Opera North.

Mtu mwenye nyumba Yorkshire na ofisi London angeweza kuridhika kusafiri na treni kwenda kusikiliza. Yeye aliona majirani zake nao wana masikio.

## Opera kwa lugha ya msikilizaji

Kwa nini ENO iliimba kila kitu kwa Kiingereza?

Msimamo huo ulikuwapo kabla yake, nao uliendelea. Covent Garden iliimba Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa kama mtunzi alivyoandika. Coliseum iliimba Kiingereza, na tiketi zake zilikuwa nafuu zaidi. Hoja ni nyepesi: opera ni hadithi inayoimbwa, na anayesikiliza hadithi ana haki ya kuielewa papo hapo, acheke pale penye kichekesho, asisubiri kusimuliwa nyumbani.

Wapinzani wana hoja nzito pia. Maneno na sauti vilizaliwa pamoja. Ukibadilisha lugha, irabu ndefu aliyoiweka Verdi juu ya noti ya juu inaweza kuangukia konsonanti ngumu, na mwimbaji akakwama. Tafsiri mbaya huua wimbo. Kwa hiyo ENO ilihitaji wafasiri wenye sikio la muziki. Tafsiri ya Ring iliyotajwa hapo juu ilifanywa na Andrew Porter, aliyejua muziki na lugha zote mbili, na waimbaji waliipenda kwa sababu iliimbika.

Sisi wa Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu hapa. Siti binti Saad alipoimba taarab kwa Kiswahili, pale ambapo masultani wa Zanzibar walikuwa wamezoea kuisikia kwa Kiarabu, muziki haukushuka hadhi. Ulipata watu.

Je, yeye mwenyewe hakupenda lugha za asili?

Alizipenda, na miaka yake ya Covent Garden inathibitisha. Mwaka 1952 mwimbaji Maria Callas aliimba opera ya Norma pale kwa Kiitaliano, na Harewood alikuwa miongoni mwa Waingereza waliotambua mapema kimo cha mwanamke yule. Mwaka 1968 alimhoji mjini Paris kwa ajili ya televisheni ya BBC, na mahojiano hayo bado yanatazamwa. Callas anazungumza naye kama fundi anavyozungumza na fundi. Kwa Harewood nyumba zote mbili zilihitajika London. Alichokataa ni kwamba moja tu ipewe heshima.

## Britten, ndoa na familia ya kifalme

Alikuwa na uhusiano gani na mtunzi Benjamin Britten?

Urafiki wa karibu, na baadaye mpasuko wa kudumu. Harewood alikuwa rais wa kwanza wa tamasha la Aldeburgh, ambalo Britten na wenzake walilianzisha mwaka 1948. Kwenye mzunguko huo alimpata Marion Stein, mpiga piano aliyezaliwa Vienna, binti wa mhariri wa muziki Erwin Stein. Walioana Septemba 1949, na Britten akawatungia wimbo wa harusi. Opera yake Billy Budd pia aliitabaruku kwa wawili hao.

Gloriana, opera nyingine ya Britten, nayo ina mkono wa Harewood. Mwaka 1952 mazungumzo yake na Britten yalizaa wazo la opera ya kitaifa kuhusu Malkia Elizabeth I, ionyeshwe kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth II, na binamu ndiye aliyelifikisha wazo hilo Ikulu. Ilifunguliwa Covent Garden tarehe 8 Juni 1953 mbele ya Malkia. Ukumbi ulijaa mabalozi na wakubwa waliokuja kwa sababu ya mwaliko, wakakutana na malkia mzee, mpweke, anayeshindwa kati ya moyo na dola. Makofi yalikuwa hafifu. Leo opera hiyo inaheshimiwa, nami naona uamuzi wa kumpa malkia kijana kazi ya kweli badala ya sifa tupu ulikuwa ndio heshima yenyewe.

Kwa nini alitengwa na familia ya kifalme?

Alimpenda mwanamke mwingine, Patricia Tuckwell, mpiga fidla kutoka Australia. Mwaka 1964 walizaa mtoto wa kiume wakati ndoa na Marion bado ipo. Talaka ilikuja 1967.

Hapo sheria ya mwaka 1772 ikaingia: wazao wa Mfalme George II walihitaji ridhaa ya mtawala ili ndoa yao itambulike. Malkia alikuwa pia mkuu wa Kanisa la England, ambalo wakati huo halikukubali aliyeachana aoe tena mwenzake akiwa hai. Serikali ya Harold Wilson ilimshauri aridhie, akaridhia. Ndoa ilifungwa Julai 1967, Connecticut, Marekani.

Gharama ilikuwa kubwa. Kwa miaka kadhaa hakualikwa kwenye shughuli za familia. Aliacha ukuu wa Chuo Kikuu cha York. Britten, aliyekuwa upande wa Marion, alimkatia mguu, na urais wa Aldeburgh ukaisha. Marion alibaki mtu mkubwa katika muziki kwa haki yake: yeye na Fanny Waterman ndio walioanzisha mashindano ya kimataifa ya piano ya Leeds. Pamoja na Ikulu mambo yalipoa polepole, na mwaka 1986 Malkia alimpa nishani ya KBE.

Mtoto yule alirithi chochote katika cheo?

Hapana. Aliyezaliwa kabla ya ndoa hawezi kurithi cheo cha kikabaila hata wazazi wakioana baadaye. Cheo kilikwenda kwa David, mwana wa kwanza wa Marion, ambaye sasa ni Earl wa 8.

## Mengineyo

Huyu ndiye Harewood wa Leeds United?

Ndiye. Alikuwa rais wa klabu kuanzia 1961 hadi kifo chake, yaani aliiona ikipanda chini ya kocha Don Revie, ikitwaa ubingwa 1969 na 1974, na ikiporomoka baadaye. Aidha alikuwa rais wa Chama cha Soka cha England kuanzia 1963 hadi 1972, kwa hiyo Kombe la Dunia la 1966 lilichukuliwa akiwa kitini. Hakuona mgongano kati ya uwanja wa Elland Road na jumba la opera, nami siuoni: kote kuwili watu hulipa kiingilio kwenda kushikwa moyo na jambo ambalo hawajui litaishaje.

ENO bado ipo?

Ipo, lakini katika mtihani mgumu. Mwaka 2022 Baraza la Sanaa la England liliiondoa kwenye orodha ya wapokea ruzuku wa kudumu na kuitaka ihamishe makao nje ya London. Baada ya kelele nyingi, ENO ilitangaza mwaka 2023 kwamba makao yake mapya yatakuwa Greater Manchester. Wapo wanaotaja mfano wa Opera North kutetea uhamisho huo. Mfano hauendani: Leeds ilipata kampuni mpya bila London kunyang'anywa ya kwake (tazama "Na Opera North?" hapo juu).

Nikitaka kusikia kazi ya enzi zake, nianzie wapi?

Anza na rekodi ya Ring ya Goodall, iliyonaswa jukwaani Coliseum katika miaka ya 1970. Ukiona Wagner ni mrefu mno kwa mwanzo, tafuta video ya Rigoletto ya Miller, au Julius Caesar ya Handel iliyoongozwa na Mackerras, Janet Baker akiwa Kaisari. Mahojiano ya Callas yatazame baada ya kumsikia katika Norma, yatakuingia zaidi. Kobbé usikisome kwa mfululizo. Soma kurasa za opera moja kabla ya kuisikiliza, kisha zirudie baada ya kuisikiliza.